Mtungi, Mwambie Mama

Kwa miaka minne mkwe wangu nilimjua kwa viatu. Uso wake sikuwahi kuutazama. Siku alipokuja kwetu Kimilili kuposa, nilipita sebuleni kichwa chini, nikaona viatu vyeusi vilivyoshonwa mbele kwa uzi wa kahawia, nikajisemea, huyu ni mtu wa kutunza vitu vyake, mpeni msichana. Vivian, binti yangu, alicheka aliposikia. Lakini mimi ni Mbukusu niliyelelewa na nyanya, na kwa nyanya yangu mama na mkwe wake hawapeani mkono, hawalali chini ya paa moja, hawaonani wakila, na jina la mwenzake mtu halitaji. Mkikosea, nyanya alisema, mkosi hauwapati nyinyi mliokosa. Unampata mtoto aliye mdogo kuliko wote nyumbani.

Na mtoto aliye mdogo kuliko wote ni Akech, mjukuu wangu, miezi minane, jina la kwa kina baba yake na mashavu ya kwetu. Kwa huyo sina mzaha.

Ndiyo maana niliposhuka Nairobi mwezi wa pili kuja kumlea, ili Vivian arudi kazini kwake Makadara ambako ni karani, nilisema tangu siku ya kwanza kwamba sitalala kwao. Wanaishi Lucky Summer, vyumba viwili katika ploti ya chini kabisa, mahali ambapo ukimwaga maji ya vyombo yanafika mtoni kabla hujageuka. Mimi nilipata kitanda kwa Rispa, mshonaji, mjane kama mimi, anayekaa juu katika ghorofa la Munene, hatua mia hivi kutoka hapo. Asubuhi Vivian akitoka naja kushika mtoto. Mkwe wangu hufanya kazi ya usiku katika kiwanda cha plastiki huko Baba Dogo, akirudi saa tatu anakohoa mara mbili langoni. Nikisikia kikohozi namfunga Akech mgongoni, yeye anajibanza kwenye kona ya vyoo, napita kwenda kwa Rispa, anaingia kulala. Mambo yalikwenda hivyo wiki nane bila hitilafu.

Kukiwa na neno la kusema na Vivian hayupo, tuliutumia mtungi. Huku mifereji hutoa maji siku mbili kwa wiki, siku nyingine hutoa upepo, kwa hiyo kila nyumba ina safu ya mitungi ya manjano mlangoni, ile ya lita ishirini. Mkwe wangu alikuwa akisimama nje, amegeuka, anasema, "Mtungi, mwambie mama unga umeisha, nimeleta mwingine." Na mimi ndani najibu, "Mtungi, mwambie Baba Akech nimeuona, na sabuni pia imeisha." Watu wa ploti walikuwa wakitucheka mpaka wakachoka. Watu wa Nairobi wana mdomo, lakini waache waseme. Mtungi ule haukuwahi kutugombanisha.

Wiki hiyo ya mvua nilikuwa nimeamua kurudi Kimilili. Nilikuwa nimechoka, niseme ukweli. Mahali ninapolala hapana mjukuu, na mahali penye mjukuu sina ruhusa ya kulala. Mtoto alilia usiku nikamsikia kutoka kwa Rispa, au nikadhani nimemsikia, nikakaa kitandani macho wazi. Nikamwambia Vivian, Jumamosi naondoka, tafuteni msichana wa kazi. Vivian alilia. Mkwe wangu hakusema neno, na hilo liliniuma kuliko machozi ya binti yangu. Nilijiambia, huyu anafurahi naenda. Kama angekuwa na uchungu, si angemwambia hata mtungi?

Mvua ilianza Jumapili tukitoka kanisani na haikupumzika. Redio ilisema haijawahi kupimwa mvua kama hiyo. Rispa alisema hata bila kupima yeye angewaambia. Jumatano asubuhi Vivian aliondoka na viatu mkononi, na saa tatu nikasikia kikohozi mara mbili, kisha mara ya tatu, jambo ambalo halikuwa kawaida.

"Mtungi," sauti ya mkwe wangu ikasema mlangoni, haraka haraka, "mwambie mama mto umepita juu ya daraja la miguu. Atoke sasa, aende kwa Rispa na mtoto."

"Mtungi, mwambie Baba Akech nimesikia. Anipishe."

Sasa hapa nitaeleza polepole, kwa sababu mpaka leo watu hawaamini. Alinipisha, akaenda kwenye kona yake ya vyoo. Nilimfunga Akech mgongoni nikachungulia. Kijia kilikuwa kimeliwa na maji, kimebaki upana wa ubao, na ningepita ningemgusa bega. Nikarudi ndani. "Mtungi, mwambie asogee." Akasogea langoni. Nikachungulia tena. Langoni ndipo ninapopitia mimi. "Mtungi, mwambie langoni ndiyo njia yangu." Akazunguka nyuma ya nyumba kabisa, asionekane. Hapo sawa. Lakini nikakumbuka kuku.

Nilikuja na kuku kutoka nyumbani, tetea mweupe, achinjwe siku ya pili. Siku ya pili akataga, Vivian akasema asichinjwe, na tangu hapo alikuwa akiishi jikoni chini ya meza kama mpangaji. Nikamtia kwenye kikapu, nikatafuta mwavuli, nikasimama mlangoni kusubiri mkwe wangu akohoe, nijue yuko mbali. Yeye naye huko nyuma alikuwa anasubiri asikie lango likilia, ajue nimeshapita. Mimi namheshimu, yeye ananiheshimu. Watu wazima wawili, kila mmoja anampisha mwenzake, na mto haukuwa na mkwe wa kumheshimu.

Ukuta wa ua upande wa mto ulianguka kwa kishindo cha lori linalomwaga mawe. Kabla sijamaliza kusema Yesu, malapa yangu yalikuwa yanaelea. Maji yaliingia ya kahawia, yamebeba mabua ya sukuma wiki, chupa, na kiti cha mtu ambacho sikukitambua. Yakafika gotini, gotini yakapita. Nikapanda juu ya kochi na Akech mgongoni na kikapu mkononi. Goti langu la kushoto ni bovu tangu nianguke kisimani. Hata maji yakiwa ya kifundo cha mguu mimi ni mtu wa kushikwa mkono. Nikaogopa, na si kidogo.

Mkwe wangu akatokea mlangoni, maji yamemfika kiunoni. Nikaufungua mwavuli mbele ya uso wangu. Safu yetu ya mitungi ilikuwa imeingia ndani, mitupu yote, inaogelea chumbani, na mmoja ulikuwa unazunguka kati yetu. Akausemesha huo.

"Mtungi, mwambie mama nimekuja kumbeba mgongoni."

"Mtungi, mwambie hilo haliwezekani."

"Mtungi, mwambie mama maji yanapanda."

"Mtungi, mwambie nina macho. Na mwambie nina mjukuu mgongoni mwangu, huyo huyo atakayepatwa. Amwite mwanamume mwingine anibebe."

Hakubishana. Alirudi mlangoni akaita. Kutoka juu, kwenye baraza ya ghorofa la Munene ambako ploti nzima ilikuwa imejazana, wavulana wa shule wakamjibu kwamba wanaume wote wako ploti ya jirani, wanatoa watu kwa kamba, angoje. Halafu kelele zikaanza.

"Buda, si umbebe tu! Maji inazidi."

"Mathe, wacha hiyo story ya ushago, utasombwa." Ushago kwao ni kijijini.

Na sauti ya Rispa, ambayo ningeitambua hata kaburini: "Mama Vivian, hiyo mila yako inajua kuogelea?"

Nilikasirika. Nilitamani kumjibu Rispa, lakini kochi lilikuwa limeanza kuyumba chini yangu. Nikasikia mkwe wangu akigonga mtungi mmoja, ukalia mtupu. Kisha akasema, taratibu sasa, kama mtu anayepanga kazi, "Mtungi, mwambie mama ageukie ukuta. Naingia kuchukua meza."

Nikageukia ukuta. Nyuma yangu nikasikia vikombe vikianguka, meza ikipinduliwa miguu juu, kamba ya kuanikia nguo ikikatwa. Mtu wa kiwanda cha plastiki anajua kinachoelea. Alifunga mitungi sita kwenye meza, mitatu kila upande, vifuniko vimekazwa, na yote ile tuliyokuwa tukilalamika kwamba haina maji sasa ilikuwa na faida kwa sababu haina maji. Akaisukuma meza mpaka kwenye kochi, akageuza uso wake.

"Mtungi, mwambie mama apande."

Nilipanda. Nilikaa katikati ya miguu minne ya meza kama maharage kwenye sahani, Akech mgongoni, kikapu mapajani, mwavuli umefunguliwa nyuma ya bega langu ili yeye anayesukuma asinione na mimi nisimwone. Tukatoka mlangoni hivyo. Huko juu watu wakaanza kupiga makofi, na mtu mmoja akaanzisha wimbo wa harusi. Niliwaambia watu wa Nairobi wana mdomo.

Tulivuka ua vizuri. Akech alikuwa anacheka, anapiga mgongo wangu, anaona dunia imekuwa beseni la kuogea. Nikaanza hata kujisifu moyoni. Nikasema, nyanya, unaona, maji yamekuja na hatujagusana.

Nje ya lango kuna mtaro. Siku zote upo, kila mtu anaujua, nami nauruka kila asubuhi. Siku hiyo haukuonekana, na mkwe wangu akaukanyaga. Akazama mpaka kidevuni, meza ikainama, kamba ya upande mmoja ikakatika, mitungi ikachomoka. Nikaona miguu ya meza inageukia angani na mwavuli wangu unaondoka peke yake kuelekea Dandora.

Hiki ndicho ninachotaka mkijue. Mkwe wangu aliinuka kutoka mtaroni, maji yanamtoka puani, akanyoosha mikono yote miwili kuja kwangu, na ikafika umbali wa shubiri moja, ikasimama. Ikasimama hapo. Vidole wazi, haigusi. Mtu anayeona mtoto wake na mama ya mkewe wanaangukia majini, bado ananingoja mimi niseme ndiyo.

Mfa maji hukamata maji. Mimi nilikamata kola. Mkono ulionyooka kwanza ulikuwa huu wangu wa kulia, nikamvuta kwangu, nikamzungushia shingo mikono miwili nikaminya macho. Akanibeba mgongoni, Akech juu yangu, kikapu kimening'inia kwenye kiwiko, akapita kwenye ule mkondo hatua kwa hatua, akipapasa chini kwa mguu. Nilisikia moyo unavyodunda. Sikujua ni wa nani, wake, wangu au wa mtoto.

Alinishusha kwenye ngazi za Munene, akapanda mbele upesi, akasimama pembeni amegeukia ukuta.

Wanawake walinivua nguo mbichi wakanifunga leso za Rispa. Walimkausha Akech wakampitisha mkono kwa mkono. Kila mtu alikuwa anacheka, kwa sababu tulikuwa tumehesabiwa na hakuna aliyepungua, wa ploti yetu wote walikuwa pale barazani na magodoro yao na televisheni zao. Mimi sikucheka. Nilimkalisha Akech mapajani nikamkagua vidole, ulimi, masikio. Akapiga chafya. Nikaanza kumkagua upya.

Rispa akaona. Ni mwanamke wa utani lakini si mjinga. Akachuchumaa mbele yangu. "Kwenu kitu kama hiki kikitokea, kinatengenezwa aje? Usiniambie hakitengenezwi."

Kinatengenezwa. Katika ukoo wetu mama hutoa kuku, mkwe hutoa blanketi, wanapeana mkono mbele ya watu na mzee wa upande wa mume wa mama akisimamia, na kutoka siku hiyo mwiko umelegea. Tungekuwa tumeshafanya, lakini kila mwaka tulisema Disemba, na kila Disemba ilikuwa na shughuli yake. Na mzee mwenyewe, shemeji yangu Wasike, alikuwa Kimilili.

"Simu ni ya nini?" Rispa akasema, akatoa yake kwenye sidiria.

Wasike aliwekwa kwa sauti kubwa, baraza nzima ikasikiliza. Nikamweleza. Akauliza kama mtoto ni mzima, nikasema amepiga chafya moja. Akauliza kuku ni jogoo au tetea. Nikasema tetea, na anataga. Nikamsikia anavuta kiti.

"Aliyemgusa mwenzake kwanza ni nani, Khalayi?"

Nilikuwa na nafasi ya kudanganya. Mbele ya watu wote hao. "Ni mimi," nikasema.

Wasike alicheka mpaka akakohoa. "Basi wewe ndiye utatoa kwanza. Na mtoto mpeni kitu cha moto anywe. Hiyo chafya ni ya baridi, si ya mababu."

Nikainuka na kikapu. Yule tetea alikuwa amelowa, amekuwa mdogo kama ngumi, na ana hasira kuliko mimi. Nikamweka chini mbele ya ile miguu iliyogeukia ukuta. Miguu ilikuwa mitupu. Viatu vyeusi vyenye uzi wa kahawia vilikuwa vimekwenda na mto, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nimesimama mbele ya mkwe wangu na sina cha kumtambulia.

Mkwe wangu alitafuta blanketi. Mtu akampa lake, akakataa, akasema lazima liwe la kwake. Alichokuwa nacho ni koti la mvua la kiwandani, la bluu, alilokuwa amelivaa tangu asubuhi. Akalivua, akalikung'uta, akalileta akitembea kinyumenyume asinitazame, akanifunika mabegani. Wasike kwenye simu akauliza, blanketi la rangi gani. Rispa akamwambia la bluu. Wengine wetu si Wabukusu, akaninong'oneza, lakini tunajua kunyamaza.

Tukapeana mkono. Wake ulikuwa baridi na una ngozi ngumu. Vijana wakapiga miluzi, na Akech, ambaye alikuwa na kikombe cha uji kwa mama mmoja jirani, hakupiga chafya ya pili. Nilingoja. Hakupiga.

Mvua ilipungua mchana huo. Vivian alipiga simu, yuko njiani, anatembea kwa miguu kutoka Makadara kwa sababu barabara zimefungwa, tusimwambie lolote baya. Rispa akamwambia lolote baya halipo, ila mama yake ameolewa. Chakula kikaiva kwenye jiko la makaa, ugali na sukuma ya watu wote, na kila mtu akatafuta pa kukaa. Mkwe wangu akaketi upande wa pili wa sahani yangu, lakini amegeuka ubavu, kwa mazoea. Akasafisha koo. Nikamwona anaangalia huku na huku chini, kando ya mlango, nyuma ya ndoo.

"Mtungi," akaanza, "mwambie mama..."

Akakwama. Hapakuwa na hata mmoja.

"Mtungi umeenda na maji," nikamwambia. "Niambie mwenyewe."

Alibofya ugali vidoleni mpaka ukawa mgumu. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa ile ile niliyoisikia wiki nane nikiwa nyuma ya mlango, isipokuwa sasa ilikuwa inakuja kwangu moja kwa moja. "Mama, usiende Jumamosi. Tangu Vivian aniambie, kila asubuhi natoka kazini nikijiambia leo nitamwambia mtungi, nikifika naona aibu. Neno kama hilo haliambiwi mtungi."

Niliinua macho. Nilikuwa nimeogopa uso ule miaka minne, na ulikuwa uso tu wa kijana aliyekesha kazini, masikio makubwa kidogo, matope kwenye nyusi, macho mekundu. Ningekuwa nimempenda zamani, kama ningetazama juu ya viatu.

"Umekonda, Willis," nikamwambia, nikasukuma sahani upande wake. "Kula."

Rispa akauliza nimejuaje amekonda na sijawahi kumwona. Nikamwambia anyamaze, amtengenezee mtoto wangu huyu chai.